Giaboksi ya Baba na Mlio wa Tatu

Jumamosi, 16 Mei

Leo nimetangaza. Mezani, mbele ya wote, mkate wa mahindi ukiwa bado mdomoni. Kwamba mimi Orbie Stidham nitashusha giaboksi ya pikapu ya marehemu baba na kupandisha nyingine, kwa mikono yangu miwili, uani hapa hapa, kabla ya Jumapili ya tarehe 24.

Hiyo ndiyo Jumapili ya kupamba makaburi. Ukoo mzima unapanda mlimani, yaliko makaburi, na maua na vikapu vya chakula. Mama ana miaka themanini na sita na nyonga mbovu, kwa miguu hafiki hata kwenye banda la kuku. Na hakubali kupandishwa na gari lingine. Kashasema mara mia: Hobart alinipandisha na pikapu hii miaka yake yote, nitapanda nayo au nitabaki kibarazani. Hobart ni baba. Yuko huko juu mwaka wa sita sasa.

Mwaka jana pikapu ilipanda kwa manung'uniko. Wiki hii hata kwenda posta imeshindwa. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari linakutazama tu. Na ni otomatiki, hakuna klachi ya kusingizia. Giaboksi imekufa.

Shemeji Delmer, mume wa dada yangu Oneida, fundi wa mabasi ya shule, akaniuliza kwa ile sauti yake ya kubembeleza ng'ombe: shemeji, umewahi kushusha giaboksi wewe? Nikamwambia jeshini nilishusha ya kifaru kwa kijiko na mkanda wa suruali, risasi zikipita. Akasema, jeshini si ulikuwa jikoni, unamenya viazi? Nikasema ndiyo, viazi vya askari wa vifaru. Oneida alicheka mpaka maziwa yakamtokea puani.

Delmer alitaka apewe yeye kazi. Nikakataa! Pikapu ni ya baba yangu, si ya mkwe wa baba yangu.

Mama hakucheka. Akasema, Orbie, usiniangushe mwanangu. Sijui kama nina mwaka mwingine wa kupanda ule mlima.

Nikaongeza sahani ya tatu ya maharage ili nisionyeshe kitu.

Jumapili, 17 Mei

Spana sikugusa. Siku ya Bwana, mama angenimaliza. Lakini kutazama si kazi. Baada ya kanisa nikaazima gari la Oneida, nikaenda kwa binamu Verl, mwenye magari mabovu yaliyojaa bonde zima mpaka kijitoni. Giaboksi ilikuwapo! Aina ile ile, imeshashushwa tayari, imelala kwenye nyasi kama nguruwe aliyeshiba.

Kununua siku ya Bwana ni dhambi. Kubadilishana ni ujirani. Nikampa Jaji, mbwa wangu wa kuwindia, yule anayewaogopa rakuni, wanyama anaopaswa kuwawinda. Nilimwambia Verl mbwa kama huyu hajapata kuonekana. Sikusema uongo. Verl naye akaniambia giaboksi kama hii hajapata kuiona. Tukaipakia garini, tukapeana mikono, kila mtu akicheka peke yake.

Njia nzima ya kurudi nilijiuliza Verl alikuwa anacheka nini.

Jumatatu, 18 Mei

Kazi imeanza. Pikapu juu ya magogo. Mimi chini yake.

Nilifungua sahani ya chini kumwaga oili. Wengine hulegeza upande mmoja kwanza ili imwagike taratibu kwenye beseni. Mimi sina muda wa taratibu. Ikashuka yote kwa pamoja, usoni. Nyeusi, inanuka kama mkate ulioungua. Nikatoka nimefanana na kitu kilichochimbwa.

Mama, kutoka kibarazani, kauliza kama ndivyo tulivyofanya jeshini.

Bolti zote nimezitia kwenye kopo la kahawa na kopo nikaliweka mahali salama, kibarazani kwa mama. Delmer alipita akitoka kazini, mikono mifukoni, akaniambia niziandike kila moja ilikotoka. Nikamwambia bolti zinanijua. Akasema sawa, ila na wewe je, unazijua? Mtu huyu ana roho mbaya.

Siku sita zimebaki. Nimeanza kuhesabu. Kosa.

Jumanne, 19 Mei

Leo nimekuwa meza.

Ilikuwa hivi. Delmer alijitolea kuniletea jeki ya kushushia giaboksi, ile pana yenye magurudumu. Nikakataa. Nimewahi kuzuia ng'ombe dume kwa kifua hiki, maonyesho ya wilaya, watu mia tatu wakitazama. (Oneida anasema alikuwa ndama. Oneida hakuona vizuri.) Kwa hiyo nikatoa bolti ya mwisho, nikaipokea giaboksi kifuani. Ikaja vizuri. Ikakaa. Kisha ikakataa kuondoka.

Giaboksi ya pikapu ina uzito wa mtu mzima asiyekupenda. Kupumua niliweza, kidogo kidogo. Kupiga kelele sikuweza.

Mama akanikuta. Sijui ni baada ya dakika ngapi. Hakushtuka. Akaenda kuchukua kiti chake, akakiweka kando ya kichwa changu, akaendelea kukunja maua yake ya karatasi ya makaburini. Mekundu, ya njano, kisha anayachovya kwenye nta ili mvua isiyaharibu. Akasema Delmer atarudi saa kumi, basi tungoje. Nikamnong'oneza amwite mtu yeyote. Akasema la, miaka hamsini natafuta nafasi ya kuzungumza nawe ukiwa umetulia.

Akazungumza! Kuhusu mke wangu aliyeondoka. Kuhusu zizi nililoanza kujenga nikamaliza ukuta mmoja. Kuhusu baba, ambaye alikuwa hasemi atafanya kitu mpaka awe ameshakifanya. Sikuwa na pa kwenda. Akamaliza ua moja jekundu, akaliweka juu ya giaboksi, pale kifuani pangu. Akainamisha kichwa akaliangalia. Anajaribu tu, akasema, kuona linavyokaa.

Delmer alifika saa kumi na robo. Na jeki. Alipiga mluzi tu.

Jumatano, 20 Mei

Kopo la bolti halipo!

Kibarazani halipo. Bandani halipo. Chini ya pikapu halipo. Nimetafuta mpaka ndani ya jiko. Mama nilimkuta anafunga makopo yake ya maua kwa karatasi ya rangi ya fedha, nikamuuliza kama ameona kopo langu la kahawa. Kasema makopo ya kahawa yapo mengi, niseme lipi. Nikamwambia lile lenye bolti. Alikuwa na pini nne mdomoni, akajibu kitu, nikaona nisimsumbue.

Mwizi namjua. Nani anataka nishindwe? Nani alizitaja zile bolti kabla ya mtu mwingine yeyote?

Chakula cha jioni nikasimama nikasema mbele ya wote: kuna mtu hapa amechukua kopo langu, na mtu huyo anakula kuku na madonge ya unga ya mama yangu bila aibu. Delmer akasogeza bakuli, akajipakulia tena. Akasema, shemeji, nikitaka ushindwe nahitaji kuiba kitu?

Oneida hajanisemesha tangu hapo. Sawa. Mashujaa wengi waliwahi kununiwa na dada zao.

Siku nne.

Alhamisi, 21 Mei

Siku ya konveta. Ni dude la chuma, duara, kubwa kama chungu cha kupikia arusi, linakaa kati ya injini na giaboksi. Lazima kwanza lizame lote ndani ya giaboksi, ndipo giaboksi ipandishwe.

Delmer kanielekeza kupitia ukuta wa ua, maana sikumruhusu kuingia uani. Alisema: unasukuma huku unazungusha, linashuka hatua tatu. Klak. Klak. Klak. Usiposikia mlio wa tatu, shemeji, usifunge hata bolti moja. Utavunja pampu iliyo ndani, na hapo hata maombi hayasaidii. Alirudia mara mbili. Mtu anaporudia mara mbili anakuona mjinga.

Nikasukuma, nikazungusha. Klak! Moyo ulicheza. Nikazungusha tena. Klak! Sasa nikangoja wa tatu. Nikasukuma mpaka macho yakaniuma. Nikabembeleza. Nikalitukana, mama akakohoa kibarazani, nikaliomba radhi.

Hapo hapo, kelele! Jaji! Mbwa wangu amerudi! Ametembea kutoka kwa Verl, maili tisa, anabweka kama moto umewaka. Akanirukia, akanilamba oili sikioni.

Sasa mimi naamini hivi: mlio wa tatu ulipigwa wakati Jaji anabweka. Haiwezekani vinginevyo. Konveta ilikuwa inaelekea huko huko.

Delmer akauliza kutoka ukutani, imelia mara ngapi? Nikamwambia tatu. Nikaona anasitasita, nikaongeza: na mmoja wa ziada.

Ijumaa, 22 Mei

Giaboksi imepanda. Kwa jeki ya Delmer, niliyoiazima bila kumsumbua kwa kumwambia.

Shida ndogo. Ilipofika juu, kati yake na injini palibaki nafasi. Upana wa kidole gumba. Nikasukuma kwa mgongo. Kidole gumba. Nikasukuma kwa miguu yote miwili. Kidole gumba.

Mtu mwoga angeshusha akaanza upya. Siku mbili zimebaki! Mama kashapiga pasi gauni lake la bluu, limetundikwa mlangoni, kila nikipita linanitazama.

Bolti zangu za asili ziko kwa mwizi, kwa hiyo nilitumia bolti ndefu za lango la lile zizi nisilolimaliza. Na hapo ndipo penye akili. Bolti ndefu zinafika! Unaziingiza, unakaza huku kidogo, unakaza kule kidogo, giaboksi inavutwa yenyewe kuelekea injini. Nashangaa mafundi hawalijui hili. Chuma kililia. Kililia sana, kama paka kwenye gunia. Kisha pakasikika mpasuko mmoja, mdogo, ndani kwa ndani, na nafasi ikaisha.

Nimejiambia huo ndio mlio wa tatu.

Mama kauliza kama tutapanda Jumapili. Nikasema mama, pikapu hii itapanda mpaka mbinguni. Akasema makaburini panatosha. Akanishika mkono. Mikono yake myepesi siku hizi, kama ile karatasi ya maua. Nikaenda nyuma ya banda nikasimama tu.

Jumamosi, 23 Mei

Nimewasha.

Sitaki kuandika.

Naandika. Injini iligoma kuzunguka, ikakwaruza, kisha ikashika. Nikasubiri ipashe. Nikaweka gia ya mbele. Hakuna. Ya nyuma. Hakuna. Sauti kutoka chini, kama mtu anayetafuna kokoto. Kisha Jaji akatoka mbio chini ya gari, amekuwa mwekundu. Oili! Nyekundu, mpya, yote, inatiririka uani kuelekea vitunguu vya mama.

Nikazima. Nikabaki na mikono kwenye usukani wa baba. Alama ya kidole chake gumba ipo pale, upande wa kushoto, ameisugua miaka mingi mpaka plastiki imebonyea. Nikaweka cha kwangu hapo. Hakienei.

Delmer alikuja. Nilimngoja acheke. Nilikuwa na majibu manne tayari. Hakucheka. Akapiga magoti, akatazama zile bolti za lango, akanigeuzia uso wa huruma. Bora angenipiga.

Akauliza, shemeji, ililia mara ngapi kweli?

Nikasema mbili. Na mbwa.

Nikaenda kibarazani kumwambia mama. Nilikuwa na maneno. Makopo yake yamepangwa, yanang'aa, maua yamesimama ndani, kumi na moja, moja kwa kila kaburi letu. La baba lina yale mekundu. Akasema, kesho saa tatu, Orbie? Nikafungua mdomo, ukasema: saa tatu kamili, mama.

Huu mdomo. Siku moja nitaupeleka kwa Verl nikaubadilishe.

Nikakimbia kwa Delmer. Nikasema, nisaidie shemeji, sijui la kufanya. Sikumbuki kama nililia. Oneida anasema anakumbuka. Tukakaa kwenye ngazi yake, tukapata wazo. Wazo lilikuwa langu. Delmer ndiye aliyelisema kwanza.

Jumapili, 24 Mei

Tumepanda!

Saa tatu kamili Delmer alifika na trekta yake. Akaifunga pikapu nyuma kwa chuma cha kuvutia, akaitoa propela shafti, ule mhimili unaotoka kwenye giaboksi, ili magurudumu yazunguke bure. Mama akatoka na gauni la bluu. Akaiangalia trekta. Akaangalia pikapu. Nikamweleza kwamba gari zito la heshima huwa linatanguliwa. Akasema, mimi nilisema nitapanda na pikapu ya Hobart, sikusema nani atavuta. Nikambeba nikamweka mbele, makopo matatu mapajani, mengine nyuma na Oneida, na Jaji.

Mimi nilishika usukani. Si kazi ndogo! Injini ikiwa imezimwa usukani ni mzito kama dhambi. Barabara yetu ina mashimo yanayomeza ndama, na kona ile ya mwisho upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni hewa. Kiunganishi kilikuwa kinagonga. Kila kilipogonga nilimwona mama akishika makopo yake, na mimi nikishika roho yangu. Kwenye mwinuko wa mwisho trekta ikateleza. Ikateleza tena. Tukarudi nyuma kiasi cha hatua mbili. Nikasali sala zote ninazozijua na nyingine nikatunga. Delmer akageuka akanitazama, akashusha gia, trekta ikang'ata udongo. Tukapanda.

Watu wa ukoo walikuwa wakipanda kwa miguu kando ya njia. Nikawainulia vidole viwili kutoka kwenye usukani, kama baba. Nikaunguruma kidogo kwa mdomo, ili wasiwe na wasiwasi. Mama akasema, Orbie, nyamaza, wafu wamelala.

Juu, nikambeba mpaka kaburini. Alisimama mwenyewe, mkono mmoja kwenye bega langu, mmoja kwenye bega la Delmer. Akasema, Hobart, nimekuja. Nimekuja na pikapu yako. Mwanao ameshika usukani.

Nikavimba. Machozi yalinijaa.

Kisha akasema: Na huyu mkweo amefanya yaliyobaki.

Akanipa kopo la maua mekundu niliweke. Lilikuwa zito kuliko yalivyo makopo. Nikaliinamisha kidogo.

Klak. Klak. Klak.

Mara tatu! Wazi kabisa! Nikatazama ndani, chini ya mashina ya maua. Bolti. Bolti zangu zote za giaboksi.

Mama akasema kopo lazima litiwe kitu kizito, upepo wa huku juu hauchezi. Kokoto za kijitoni hawezi kuziinamia tena, na vile vyuma vilikuwa vimekaa tu kibarazani. Akasema Jumatano alinijibu, ila nilikuwa na haraka.

Delmer aliniangalia. Oneida aliniangalia. Ukoo mzima wa Stidham, pamoja na mapaja ya kuku mikononi mwao, uliniangalia. Delmer akasema taratibu, hesabu shemeji, zote zipo?

Nikafanya jambo la kiungwana. Nikamwendea mbele ya wote, nikamshika mkono, nikamwambia nimemsamehe.

Nikataka kuzitoa bolti. Mama akanipiga kofi mkononi. Ziache hapo, akasema. Hobart atazitunza, yeye alikuwa hapotezi vitu.

Kushuka sitaandika.

Jumanne, 26 Mei

Delmer amefungua ile giaboksi. Pampu imepasuka vipande vitatu. Nimeviangalia vizuri. Maoni yangu: chuma cha siku zile kilikuwa dhaifu, na Verl alinidhulumu, na mbwa alibweka. Bolti zingekuwapo nisingetumia za lango. Ukilitazama jambo hili kwa haki, mimi ndiye peke yangu sikukosea.

Delmer ataweka nyingine, yeye mwenyewe, mwezi ujao. Amesema nisifike uani siku hiyo. Ana wivu, nimemwachia.

Mama anakula vizuri na anaimba jikoni. Kila anayepita anamsimulia alivyopanda. Kwenye masimulizi yake trekta inatajwa mno.

Habari kubwa! Leo Mchungaji Farris alikuwa analalamika dukani kwamba basi dogo la kanisa giaboksi inateleza, na mkutano wa nyimbo ni tarehe 14 Juni, wazee ishirini wa kubebwa. Wanaume wote walitazama viatu vyao. Nikaona huruma. Nikamwambia, mchungaji, juzi tu nimetoka kumpandisha mama yangu mlimani na giaboksi niliyoifunga mwenyewe, muulize yeyote kama hatukufika. Akauliza kama kweli naweza. Nikamwambia jeshini nilifunga ya meli, chini ya maji, nimeziba pumzi.

Basi liko uani tayari. Juu ya magogo. Oili nimeshaimwaga, yote kwa pamoja, inaokoa muda. Siku kumi na tisa zimebaki, na nimeanza tena kuhesabu.

Safari hii sitoi nafasi ya kuibiwa. Bolti zote nimezitia kwenye kopo jipya la kahawa, na kopo nimeliweka mahali pasipofikiwa na Delmer. Kibarazani kwa mama, chini ya kiti chake, karibu na karatasi zake za maua.